Ini Lenye Mafuta na Uzazi Uliovuja Damu: Mada kwa Watoa Huduma za Afya wa Ngara na Biharamulo



Tuchukue mfano wa mama wa miaka 42 anayetoka Kirushya. Analalamikia uchovu usiokwisha na kitambi kinachoongezeka ingawa hali sana. Akipigwa ultrasaundi, ini linang'aa kuliko figo, yaani lina mafuta. Swali la kwanza analoulizwa ni la pombe. Akisema hanywi, tunamtazama kwa wasiwasi, kwa kuwa huku kwetu pombe ya ndizi ni kitu cha kila siku. Naomba tubadili utaratibu huo. Tukishampima homa ya ini aina ya B, sukari na kichocho, tumuulize uzazi wake wa mwisho ulikwendaje.

Chini ya ubongo ipo tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Wakati wa ujauzito tezi hiyo hukua, lakini mishipa inayoilisha haiongezeki kwa kiasi hicho. Mama akivuja damu nyingi na presha ikashuka, sehemu ya mbele ya tezi hukosa damu na kufa. Harold Sheehan, mtaalamu wa patholojia kutoka Uingereza, alieleza hali hii mwaka 1937, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Seli zinazotengeneza homoni ya ukuaji ni miongoni mwa zinazoangamia mapema.

Wengi wetu tulifundishwa kuwa homoni hiyo ni ya watoto, ya kurefusha mifupa. Kumbe mtu mzima anaihitaji pia. Ndiyo inayochochea mafuta ya tumboni yayeyushwe na kutumika, na ndiyo inayolizuia ini lisijitengenezee mafuta kupita kiasi. Ini nalo, likichochewa na homoni hiyo, hutoa kichocheo kiitwacho IGF-1, ambacho husaidia kuzuia makovu. Homoni ikikosekana, mafuta hujaa tumboni na kwenye ini hata kwa mtu asiyeonja pombe. Madaktari wa Kobe, Japani, walichapisha utafiti mwaka 2012: kati ya watu wazima waliopungukiwa homoni ya ukuaji, asilimia 77 walikuwa na ini lenye mafuta, wakati kwa watu wa kawaida waliolinganishwa nao ilikuwa asilimia 12. Baadhi yao walipopewa homoni hiyo, ini lilipata nafuu.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015/16. Ni kazi kubwa, na wakunga wanastahili heshima yao. Lakini mama aliyeokolewa kwa oksitosini na chupa tatu za damu huruhusiwa kwenda nyumbani, na baada ya hapo hakuna anayeuliza kama tezi yake ilipona. Anayezirai na kuchoka miaka kumi baadaye huambiwa ana vidonda vya tumbo, au amerogwa.

Maswali yenyewe hayahitaji mashine. Mama, baada ya kutokwa damu ile, maziwa yalitoka? Hedhi ilirudi? Nywele za kwapani zipo? Unavumilia baridi? Majibu manne mabaya yana uzito kuliko vipimo vingi. Kwa wanaume na vijana, tuulize ajali ya bodaboda iliyowapotezea fahamu, maana jeraha la kichwa nalo huiharibu tezi hii.

Ini lenyewe tunaweza kulipima hapa hapa wilayani kwa hesabu ya FIB-4: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Mama yetu akiwa na AST 48, ALT 64 na chembe sahani 180, tunapata 2,016 gawanya kwa 1,440, yaani 1.4. Imepita 1.3, kwa hiyo makovu hayajaondolewa shakani na anastahili rufaa, hospitali ya Chato au Bugando. ALT ikiwa ya kawaida isitufariji. Ini huweza kuwa na mafuta hata hivyo.

Kwenye tiba nasisitiza jambo moja, kwa kuwa linaua. Tezi ikiwa imeharibika, mama huweza kukosa pia kotisoli na homoni ya tezi ya shingo, yaani thairoksini. Usianze thairoksini kabla hujampa haidrokotisoni. Ukigeuza mpangilio, mwili unaweza kuporomoka ghafla. Homoni ya ukuaji yenyewe ni sindano ya bei ambayo familia ya mkulima haiwezi kuibeba. Tusimwahidi mgonjwa kitu hicho. Tunaloweza ni kurudisha homoni nyingine, kupunguza soda na sukari, kumtia moyo atembee, na kumkataza pombe kabisa.

Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, kila mama aliyeongezewa damu wakati wa kujifungua aandikwe kwenye daftari maalumu wodini, na akija kliniki ya mtoto wiki ya sita muuguzi amuulize kuhusu maziwa, kisha mwaka unaofuata amuulize kuhusu hedhi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawatafute wasiorudi. Naomba tuamue leo nani atalitunza daftari hilo.