Ngome ya Chama na Kura ya Mchujo
Eneo la uchaguzi huitwa ngome pale chama kimoja kinapolishinda kwa wingi mkubwa kiasi kwamba matokeo hujulikana kabla ya kura kupigwa, na wilaya ya 14 ya New York, inayojumuisha sehemu za Bronx na Queens, ni ngome ya namna hiyo kwa Wademokrati. Humo uamuzi wa kweli hufanywa katika mchujo, yaani uchaguzi wa ndani wa kumteua mgombea, ambao sheria ya New York huwaruhusu kushiriki wanachama waliosajiliwa tu. Tarehe 26 Juni 2018, Alexandria Ocasio-Cortez alimwangusha Joe Crowley, mbunge tangu 1999 ambaye hakuwa amepata mpinzani wa mchujo tangu 2004, katika mchujo wa Wademokrati uliovuta wapiga kura wasiofika 30,000 katika wilaya yenye wakazi wapatao 700,000. Hali hiyo inasikitisha, hata kwa anayefurahia mabadiliko yaliyoletwa, kwa sababu raia asiye na chama, aliyesubiri hadi uchaguzi mkuu wa Novemba, alikuta mbunge wake amekwisha kuchaguliwa na wachache. Katika uchaguzi huo mkuu Ocasio-Cortez alipata takriban asilimia 78 ya kura.