Kazi ya malipo na kazi ya wito
(Hotuba iliyosomwa Karatu mbele ya wanachama na vijana wa chama)



Nilipohitimu chuo cha ualimu nilipangiwa shule huko juu, upande wa Ngorongoro, mbali na barabara ya lami. Hata kabla sijaiona shule yenyewe, nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Nikampelekea mzee mmoja wa kwetu, katekista, aliyenifundisha kusoma, ili anisahihishie. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, watoto wa huko wamekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Barua haikwenda.

Mzee yule hayupo tena. Leo namkumbuka kwa kusimulia habari aliyopenda kunihadithia, ya Mwalimu Nyerere na Padri Richard Walsh.

Mwaka 1945 Mwalimu alimaliza masomo Makerere. Shule mbili za Tabora zilimtaka: shule ya serikali, aliyosoma mwenyewe, na St. Mary's, shule ya misheni, alikoitwa na Padri Walsh wa Shirika la Mapadri Weupe. Akaonywa kwamba miaka ya kufundisha misheni haitahesabiwa katika pensheni. Maneno hayo, badala ya kumtisha, yalimuudhi, akaenda misheni. Baadaye Padri Walsh alimsaidia hata akapata nafasi ya kusoma Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952.

Ndugu zangu, angalieni yaliyofuata. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa, naye Mwalimu alikuwa akifundisha Pugu. Mwaka 1955 akatakiwa kuchagua: ualimu au siasa. Upande mmoja mshahara, upande wa pili chama kisicho na fedha. Akaacha kazi. Mtu aliyekwisha kuikataa pensheni akiwa kijana hakuwa mgeni wa uamuzi wa namna hiyo.

Sisemi kwamba padri ndiye aliyeleta Uhuru. Uhuru uliletwa na wananchi wa dini zote. Nasema kwamba kijana huhitaji mtu mzima wa kumwita kwenye kazi ngumu, na kumwamini kwamba ataiweza.

Nasi je? Wapo kati yetu wanaoshika kadi ya chama kama tiketi ya basi: swali lao ni moja tu, itawafikisha wapi. Vijana wanatutazama. Tukiwafundisha kuuliza "nitapata nini," tusishangae kesho wakiuza kura zao kwa kanga na kilo ya sukari.

Basi wazee, waiteni vijana. Nanyi vijana, mkiitwa, nendeni. Mimi nilikwenda. Nikakuta madawati machache, na watoto waliotembea tangu alfajiri katika baridi na ukungu, wamekaa wakimngoja mwalimu. Hawakuwa wamenikosea neno.