Binti Mfalme wa Toro

Leo twatoka kwetu Mabawa, hapa Tanga, twende nanyi hata magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, katika nchi ya Toro. Safari yetu yatokana na neno lililosemwa barazani. Mzazi mmoja aliambiwa kwamba binti yake amefaulu, na yafaa aendelee na masomo. Akajibu, "Mwanangu ni mzuri wa sura. Kisomo cha nini tena?" Sisi walimu hatukubishana naye. Tulimkumbusha methali ya wazee, kwamba uzuri wa mkakasi ukipata maji basi; kisha tukamsimulia habari za mwanamke ambaye uzuri wake ulijulikana hata Marekani.

Jina lake ni Elizabeth Bagaya. Alizaliwa mwaka 1936, binti wa Rukidi wa Tatu, Omukama, yaani mfalme, wa Toro. Alisoma Gayaza, shule ya wasichana karibu na Kampala, kisha akapelekwa Sherborne katika Uingereza, ambako alikuwa msichana mweusi peke yake. Akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu mwaka 1962. Mwaka 1965 akapata daraja ya uwakili huko Uingereza, naye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuifikia.

Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilizifuta falme zote za Uganda. Mwaka huo huo binti huyu aliitwa London kuonyesha mavazi mbele ya wakubwa. Alikuwa mrefu, mwenye shingo nzuri na mwendo wa madaha, watu wakamshangaa. Picha zake zikatokea katika magazeti ya mavazi, Vogue na Harper's Bazaar, na kutoka hapo akaingia katika mchezo wa sinema.

Sinema yake ya kwanza kubwa ilitengenezwa Nigeria, ikatoka mwaka 1971. Iliitwa Bullfrog in the Sun, na kisa chake kilitwaliwa katika vitabu viwili vya Chinua Achebe. Yeye alikuwa Clara, msichana ambaye ukoo wake umetengwa na watu tangu mababu, hata kijana ampendaye akatazwa na wazazi wake kumwoa. Fikirini, wasikilizaji: binti wa mfalme avaa huzuni ya mtu asiyetakiwa na jamaa! Hiyo ndiyo kazi hasa ya mchezaji, kuingia katika moyo wa mwenzake na kutuonyesha yaliyomo.

Mwaka huo huo Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda. Alimpa Elizabeth kazi ya ubalozi, na mwaka 1974 akamfanya Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Bibi huyu akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akasema kwa niaba ya nchi yake. Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule ule Amin alimfukuza kazi, akamzulia jambo la aibu mbele ya ulimwengu wote, na kumfungia nyumbani. Mwaka 1975 alitoroka, akavuka mpaka kuingia Kenya, kisha akaenda Uingereza.

Hapo ndipo mkakasi ulipopata maji. Uzuri ule ule uliosifiwa sasa ulifanywa hoja ya kumchafua. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yameuchapa uongo ule. Je, alilia akanyamaza? La! Alikuwa mwanasheria, akijua haki yake. Aliyashtaki, akashinda, akalipwa fidia, na jina lake likasafika. Sura haikuweza kumtetea, kisomo kilimtetea.

Mwaka 1984 alionekana tena katika sinema, mara hii ya Hollywood, iliyopigwa Kenya na kuitwa Sheena. Kisa chake ni cha mtoto wa Kizungu aliyefiwa na wazazi, akalelewa na watu weusi na kuwa mtawala wa msitu na wanyama. Na Elizabeth walimpa nini? Walimpa kuwa mganga wa kike amleaye mtoto yule. Mtu aliyehutubia mataifa, Hollywood haikumwona ila katika mavazi ya uganga! Sinema ile haikupata sifa wala faida kubwa. Twaitaja ili mjue kwamba asiyejisimulia husimuliwa na wengine, nao humkata wapendavyo. Yeye alijisimulia: mwaka 1983 alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe, na mwaka 1989 akatoa kingine.

Mwaka 1986 alirudi katika kazi ya nchi, akawa balozi wa Uganda huko Washington hata mwaka 1988. Ufalme wa Toro ulirudishwa mwaka 1993. Na mwaka 1995 mtoto wa ndugu yake, Oyo, aliporithi kiti akiwa na miaka 3 tu, shangazi huyu alikuwa miongoni mwa walezi wake.

Tulipomaliza kusimulia, mzazi yule alikaa kimya kitambo, akichorachora mchanga kwa fimbo yake. Kisha akauliza, "Ada ya shule hiyo ni kiasi gani, Mwalimu?" Swali hilo ndilo tulilotaka kulisikia, nasi twawaombea wasichana wengi wa pwani yetu waulizwe vivyo hivyo na wazazi wao.