KING'ORA NI YOWE: TUYAJUE HAYA KABLA YA KUFUNGA MTAMBO MAABARA

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wahitimu, bwalo la shule, Moshi)



Mchango wetu wa mwaka huu umekusudiwa kununua king'ora cha wezi kwa ajili ya maabara na chumba cha kompyuta, nami nimeombwa niseme machache. Mimi si fundi. Ni mtumishi wa serikali niliyewahi kusimamia ofisi yenye mtambo wa namna hiyo, na niliyojifunza nilijifunza kwa aibu.

Wale tuliolala bweni tunaikumbuka ile rimu ya gari iliyoning'inia mtini. Chuma kilikuwa kimoja, lakini mapigo yalitofautiana: ya kuamka, ya chakula, na yale ya mfululizo yaliyomaanisha hatari. Kule mlimani nako, iwe Kibosho, Marangu au Rombo, yowe likitoka katika kihamba kimoja, jirani hulipokea na kulipeleka mbele. Mtu hapigi yowe la mzaha, maana siku ya kweli hataitikiwa. King'ora ni yowe hilohilo, ila linapigwa na umeme.

Kisanduku cha king'ora kina pande mbili. Upande mmoja huingiza habari kutoka milangoni, madirishani na kwenye vihisi vya mwendo. Kila njia ya kuingizia mafundi huiita zoni. Upande wa pili hutoa amri: honi ilie, taa imulike, simu ipigwe. Chenyewe hakijui mlango wala dirisha. Kinapima umeme tu. Sisi ndio tunaokiambia kila waya una maana gani.

Ninyi vijana mnaosoma Fizikia, hapa ndipo kanuni ya Ohm inapofanya kazi ya ulinzi. Mwaka 1853 Augustus Pope wa Marekani alipewa hataza ya king'ora cha umeme. Mlango ulipofunguliwa, umeme ulipita na kengele ikalia. Lakini katika mpango wa aina hiyo, mwizi akitangulia kukata waya, kengele haipati habari. Siku hizi umeme hupita muda wote, na karibu na mlango hufungwa rezista mbili, tuseme za omu 5,600 kila moja. Mlango ukiwa umefungwa, kisanduku husoma 5,600. Ukifunguliwa, husoma 11,200. Waya ukikatwa, ukinzani hauna kikomo. Ukiunganishwa kwa hila, ni sifuri. Kwa hiyo hata anayechezea waya hujulikana. Mfundi mvivu hufungia rezista ndani ya kisanduku badala ya mlangoni. Hapo waya wote wa katikati hauna ulinzi kamili.

Sasa nieleze aibu yangu. Ofisi ile, ambayo sitaitaja, ilifungiwa mtambo wa njia nane. Fundi kwa haraka zake aliunganisha madirisha yote ya ghala pamoja na kihisi cha mwendo katika njia moja. Kihisi kilielekea dirisha lenye pazia. Usiku, upepo wa baridi ulipokuwa ukishuka kutoka mlimani, pazia lilicheza na honi ikalia. Usiku wa kwanza majirani walikuja na mapanga. Usiku wa pili walikuja wawili. Usiku wa nne hakuja mtu. Mlinzi wetu, mzee mmoja wa Kibosho, aliniomba mara mbili nimwite fundi. Nilimjibu kwamba fungu la matengenezo limekwisha. Kisha nikabonyeza namba yangu ya siri, nikaiondoa njia ile katika ulinzi, nikalala vizuri. Kumbe nilizima kihisi pamoja na madirisha yote.

Wiki mbili baadaye wezi waliingia kwa dirisha la ghala. Walichukua kompyuta tatu na sanduku la majalada ya watu waliokuwa wakingoja haki zao. Katika taarifa yangu niliandika kwamba mlinzi alilala. Mzee akasimamishwa kazi.

Fundi alipokuja kukagua, alinionyesha kumbukumbu za kisanduku: tarehe, saa, na namba ya aliyeiondoa njia. Ilikuwa yangu. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, kisha nikaenda kwa mkuu wangu nikakiri. Nilipewa onyo kwa maandishi, na mzee akarudishwa kazini. Nilipanda hadi kwake nikiwa na jani la isale, kama desturi yetu ya kuomba radhi inavyotaka. Alilipokea. Lakini aliniuliza kwa nini kisanduku kiliaminiwa, na yeye aliyesema mara mbili hakuaminiwa. Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba tuzingatie haya.

Kwanza, kila mlango na kila kihisi kiwe na njia yake na jina lake, na orodha ibandikwe ndani ya kisanduku.

Pili, mlango mkuu upewe sekunde kama 30 za mwenye ufunguo kuzima mtambo. Madirisha yasipewe hata moja. Kitufe cha hatari kifanye kazi saa 24.

Tatu, betri ipimwe, maana umeme hukatika. Betri ya ampea-saa 7, mtambo ukitumia ampea 0.2, kwa hesabu hudumu saa 35. Ikizeeka, pungufu ya hapo.

Nne, simu iende kwa mtu aliye karibu na atakayeamka, na kila mwezi tujaribu njia zote.

Tano, njia ikiondolewa katika ulinzi, iandikwe daftarini ni nani aliyeiondoa na kwa nini. Na mlinzi akisema kuna kasoro, asikilizwe siku hiyohiyo.

Fedha za kununua mtambo tunazo. Tusishindwe na kazi ya kuusikiliza.