Neno na Mwenye Neno: Maelezo ya Karani kwa Mkutano wa Mwaka



Sisi tunaoandika kumbukumbu za mikutano twaona jambo ambalo wasemaji hawalioni: kabla neno halijapimwa, huulizwa kwanza ni la nani. La ukoo upi? La dhehebu gani? La rika lipi? Mwaka huu shauri la karo za wasichana limeahirishwa mara mbili hapa Karurumo, na katika daftari letu hamna hata sababu moja iliyotolewa dhidi yake. Lililotajwa ni jina la aliyelileta.

Twaomba kuwakumbusha mambo ya majirani zetu wa Meru. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, Njuri Ncheke ilipiga marufuku tohara ya wasichana. Baraza lile lilikuwa la wazee wanaume, na serikali ya kikoloni ilikuwa nyuma yake. Lakini tohara ile ilikuwa kazi ya wanawake. Kwayo msichana aliingia utu uzima, na nyanya alipata heshima yake. Basi wasichana wengi wakanunua nyembe madukani, wakaenda kutahiriana wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani, kwa Kimeru, "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika.

Tusiwaite wajinga. Waliona amri imetoka kwa watu wasio wao. Twasema hivi ingawa sisi wenyewe twajua kwamba kisu kile chadhuru, na sheria ya mwaka 2011 yakikataza nchini kote. Amri ilikuwa na haki ndani yake, ila wenye jambo hawakuulizwa.

Huku kwetu Embu, kama katika nchi ya Gikuyu, hayo yalionjwa mapema zaidi. Baada ya mwaka 1929, misheni zilipowabana waumini waiache desturi ile, wengine walihama, wakajijengea shule za kujitegemea. Hata leo ziko nyumba zijuazo babu yao alisimama upande gani, wala hazijui alitoa hoja gani.

Kwa hiyo twaleta ombi. Shauri la karo lirudishwe katika mkutano ujao. Mama zetu waalikwe, nao waseme kwanza. Na jina la mleta shauri lisisomwe mpaka kura zihesabiwe. Likikataliwa, tupewe sababu zake, tuzitie katika daftari.