Uluguru Tunayoiona Kila Siku: Utalii wa Ndani na Wajibu Wetu

(Mada iliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa Kata ya Ubena)



Asubuhi ambayo hewa imetakata baada ya mvua, mtu akisimama kando ya barabara kuu hapa Ubena Zomozi na kutazama kusini-magharibi, huiona Milima ya Uluguru imejitanda kwa rangi ya samawati. Tumeizoea mno. Wageni husafiri kutoka Ulaya kuja kuipanda, ilhali sisi tunaoiona tukiwa tunafagia uwanja, wengi wetu hatujawahi kuifikia.

Nami sijitoi katika hesabu hiyo. Nimeshuka katika kituo cha Msamvu mara nisizoweza kuzihesabu, lakini nilipanda Uluguru kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 31. Nilianza safari saa tano asubuhi, nimevaa viatu vya ofisini. Nilipofika Morningside, ile nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani juu ya mji wa Morogoro, wingu lilikuwa limekwisha kushuka. Sikuona mji wala bonde, na wakati wa kurudi niliteleza mara tatu. Hata hivyo nilisikia kitu kimoja ambacho sijakisahau: sauti ya maji kila upande. Kila korongo lilikuwa na kijito chake.

Ndugu zangu, maji yale ndiyo sababu ya mimi kuzungumza nanyi leo. Mto Ruvu na Mto Ngerengere unaoungana nao huanzia katika milima hiyo. Ruvu hupita katika nchi yetu ya Pwani, hulisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kisha huingia baharini karibu na Bagamoyo. Mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha Ruvu kilipopungua, Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji. Mto Wami nao, unaotegemewa na mradi wa maji wa Chalinze, hupokea maji yake kutoka Milima ya Nguru na Ukaguru. Basi sisi ni watu wa chini ya mlima, hata kama tunajiita watu wa Pwani. Anayekata mti kule juu anagusa ndoo iliyo jikoni kwetu.

Kuna njia mbili za kumfanya mtu autunze mlima. Ya kwanza ni amri. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na wananchi hawakuona faida yake. Mwaka 1955 kukatokea ghasia huko Matombo, na mpango ule ukaachwa. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya, ila mwananchi hakushirikishwa. Njia ya pili ni mtu kwenda, kuona kwa macho yake na kupenda alichokiona. Hiyo ndiyo naiita utalii wa ndani.

Tukienda tutaona nini? Msitu wa juu umehifadhiwa kisheria tangu mwaka 2008 kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kilele cha Kimhandu kina zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na Lupanga, kinachoutazama mji, kina zaidi ya mita 2,100. Humo yumo ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano, ambaye hajapata kuonekana popote duniani isipokuwa Uluguru.

Asiyeweza kupanda kwa miguu anaweza kuizunguka milima kwa gari. Upande wa mashariki iko barabara ya kutoka Bigwa kwenda Mkuyuni na Matombo, ambako mashamba ya ndizi, nanasi na viungo yamepanda vilima. Mchepuko wa Kinole una mdalasini, karafuu na pilipili manga. Upande wa magharibi, barabara ya Sangasanga hupanda hadi Mgeta, kwenye baridi, ambako kabichi, viazi na karoti hulimwa katika miteremko mikali. Mtu anayetoka Ubena alfajiri anaweza kuuona upande mmoja na kurejea nyumbani siku hiyo hiyo.

Naomba mambo manne yazingatiwe. Kwanza, kibali cha kuingia hifadhini na mwongozaji vipatikane kabla ya kupanda. Msituni njia hugawanyika, na wingu likishuka hata mwenyeji hupotea. Pili, safari ianze mapema, kwa viatu vinavyoshika ardhi, na ikiwezekana kati ya Juni na Septemba. Wakati wa masika njia huteleza na barabara za udongo huharibika. Tatu, moto usiwashwe msituni, na kila taka irudi na aliyeibeba. Nne, na hili linatuhusu zaidi, tahadhari katika barabara kuu. Malori ni mengi; msisimamishe gari ukingoni ili kupiga picha, wala msilipite gari jingine kwenye kilima.

Baada ya kusema habari za kwenda, niseme habari za kukaa. Magari ya wanaokwenda Morogoro, Mikumi na Iringa hupita mbele yetu mchana na usiku, na mengi hayasimami. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni hasimami mahali asipoona choo safi, maji ya kunawa, chakula kilichofunikwa na nafasi ya kuegesha gari mbali na barabara. Mambo hayo yako ndani ya uwezo wa kikundi cha akina mama au vijana. Kikundi chenye nia kifike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ili kipewe maelekezo ya usajili na ya mikopo inayotolewa na Halmashauri.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Mwanafunzi wa Ubena hufundishwa darasani kuhusu vyanzo vya maji, na chanzo chenyewe kinaonekana dirishani. Kamati za shule na wazazi wakae, wapange, wachange kidogo kidogo, ili angalau darasa moja kwa mwaka lifike mlimani. Mtoto aliyekunywa maji ya kijito kile kwa kiganja chake hatahitaji kuamrishwa na mtu yeyote asichome msitu.

Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mlima uko pale, tuutembelee.