KITABU CHA KLINIKI MLANGONI PA SHULE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka, Zombe



Tumeagizwa na Kamati ya chama tuseme nanyi juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika mikutano yetu ya mwaka huu. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa mtoto adaiwe kitabu cha kliniki kabla hajapokewa katika shule ya chekechea, au katika nyumba anamolelewa wakati mama yake yuko sokoni? Wako waliosema kwamba asiye na kitabu arudishwe kwao mpaka akipate. Wako pia waliosema kwamba kumdai mtoto kitabu ni kumwonea, kwa kuwa si yeye aliyekipoteza. Tumeyasikiliza maneno ya pande zote mbili, tumeyapima, na leo twaleta maoni yetu mbele yenu.

Kwanza yatupasa kuelewana juu ya chanjo zenyewe. Mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa Kenya mwaka 1980. Mtoto azaliwapo hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Atimizapo wiki 6, kisha 10, kisha 14, hupewa tena kinga ya polio, pamoja na sindano moja izuiayo maradhi matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B, na maradhi ya vijidudu viitwavyo Hib, viletavyo nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2011 iliongezwa chanjo nyingine ya nimonia, na mwaka 2014 ile ya kuhara kuletwako na virusi vya rota. Chanjo ya surua, ambayo tangu mwaka 2016 imechanganywa na ya rubela, hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18.

Hiyo miezi 9 haikubuniwa na mtu aliyeketi ofisini. Mtoto mchanga huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Akichanjwa surua mapema mno, kinga hiyo huishinda chanjo nayo haifanyi kazi. Akichelewa mno, surua humfikia kabla ya sindano. Mwaka 1977 Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani walichapisha habari za uchunguzi wao juu ya jambo hilo hilo, nao waliupata kwa watoto wa Kenya. Na katika miaka hiyo ya 1970 wachunguzi walikuwa Machakos, kwa jirani zetu, wakizunguka nyumba hata nyumba na kuandika nani ameugua surua na nani ameshikwa na kifaduro. Basi mtu asiseme kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali. Sehemu yake ilitoka katika nyumba za Ukambani.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana sisi makarani hatuwezi kukaa mbali na hesabu. Chanjo moja ya surua, itolewayo miezi 9, huwakinga watoto kama 85 katika kila 100. Chukueni darasa la chekechea lenye watoto 40, na wote wawe wamechanjwa mara moja tu. Watoto 6 katika hao hawana kinga, ingawa mama zao walikwenda kliniki wakaondoka wakiamini kwamba kazi imekwisha. Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa akiisha kutoka chumbani, hewa yake yaweza kubaki na ugonjwa kwa muda wa saa 2. Ili surua isipate njia ya kupita, yatakiwa watu 95 katika kila 100 wawe na kinga. Katika darasa letu la watoto 40, maana yake ni kwamba hatuwezi kuvumilia zaidi ya wawili wasio na kinga. Tofauti kati ya sita na wawili ndiyo kazi ya sindano ya pili.

Lakini sindano hiyo ya pili ndiyo ikosekanayo mara nyingi, na sababu yake si uvivu. Mtoto wa miezi 18 anatembea, anakula, na mama huona amekwisha kuvuka hatari. Pengine mama ana mimba nyingine, au ana mtoto mwingine mgongoni. Hakuna tena mtu wa kumwuliza habari za kitabu, mpaka siku ile amshikapo mtoto mkono na kumpeleka chekechea. Kwa hiyo mlango wa chekechea ni mahali pa kwanza, na kwa wengine ni mahali pa pekee, ambapo pengo laweza kuonekana likazibwa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya sisi kusema kwamba kitabu kiulizwe.

Sababu ya pili ni kwamba maradhi hayajui mipaka. Mwaka 2013 polio ilizuka Dadaab katika kaunti ya Garissa, na watu 14 wakapatikana nayo nchini. Sisi wa Kitui twapakana na Tana River, na Tana River yapakana na Garissa. Mifugo na wenye mifugo hupita huku na huku kila mwaka wakitafuta malisho. Ni kweli kwamba mwezi Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeokoka na polio ya asili. Hata hivyo mwaka 2023 polio ya namna nyingine, ile izukayo mahali palipo na watoto wengi wasiochanjwa, ilionekana tena Garissa.

Habari ya Ali Maow Maalin wa Somalia yafaa kukumbukwa hapa. Mtu huyo alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca. Mwezi Oktoba 1977 alipanda gari lililochukua wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dereva njia, naye akaambukizwa. Baadaye alieleza kwamba aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, akawa mtu wa mwisho ulimwenguni kuugua ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Maalin hakukaa kimya. Alijiunga na kazi ya kuwahimiza wazazi wachanje watoto wao polio, na alikuwa katika kazi hiyo alipofariki kwa homa ya malaria mwaka 2013. Twamtaja kwa sababu aliyajua maneno ya mzazi mwenye hofu, naye hakumkemea. Alimweleza yaliyompata yeye mwenyewe.

Basi kitabu kiulizwe. Lakini kisipopatikana, mtoto afanywe nini? Hapa ndipo tulipotofautiana.

Ndugu zetu wa Uganda walitunga Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017. Sheria hiyo yataka mtoto aonyeshe kadi ya chanjo apokewapo katika nyumba ya kulelea watoto, shule ya chekechea au shule ya msingi, na mzazi akataaye kumchanja mwanawe aweza kufungwa. Huko Marekani, jimbo la Massachusetts lilianza kuwadai watoto wa shule chanjo ya ndui tangu mwaka 1855. Kwa hiyo wenzetu waliosema mtoto arudishwe hawakusema jambo geni.

Hapa Kenya sheria imeweka mizigo miwili juu ya bega moja. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyofuatwa na ile ya mwaka 2022, iliandika chanjo miongoni mwa mambo ambayo mzazi hana budi kumpatia mtoto wake. Lakini Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bila malipo na kwa lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza shule kumbagua mtoto aombaye kupokewa. Mtoto ana haki ya sindano na ana haki ya dawati. Hatuoni haki katika kumnyang'anya ya pili kwa sababu amenyimwa ya kwanza.

Tena tuangalie ni nani atakayerudishwa. Hapa Zombe nyumba ziko mbalimbali na mvua ni haba. Mama aamkaye alfajiri kuchimba maji katika mchanga wa mto hawezi kupoteza siku nzima njiani kila mara aambiwapo arudi. Nasi twajua kwa nini huambiwa arudi. Dawa ya surua huja ikiwa unga katika chupa ndogo, na aghalabu chupa moja yatosha watoto 10. Ikiisha kuchanganywa na maji yake, haiwezi kukaa zaidi ya saa 6, itakayobaki humwagwa. Muuguzi aonaye mtoto mmoja tu hufikiri habari za watoto tisa ambao dawa yao itapotea, na mama hufikiri habari za nauli yake. Wote wawili wana sababu, na mtoto huenda zake bila kinga. Mlango wa shule ukifungwa mbele ya mtoto huyo, tutakuwa tumemwadhibu kwa ajili ya umbali na ukame.

Wako pia wazazi wakataao kwa ajili ya imani. Katika sehemu za Kitui na Tharaka wamo wafuasi wa Kavonokya, ambao hukataa dawa za hospitali, na mara nyingine watoto wao wamechanjwa mbele ya askari. Hatusemi kwamba serikali imekosa kumlinda mtoto. Twasema kwamba mtoto wa wazazi hao akiwa shuleni, mwalimu humwona kila siku, na mzazi huja shuleni, na mazungumzo huendelea. Akifukuzwa hatumwoni tena. Zaidi ya hayo, chanjo nyingine huletwa shuleni zenyewe. Ile ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanzishwa nchini mwezi Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, imekuwa ikiwafikia wengi madarasani. Atakayefukuzwa kwa kukosa chanjo ya surua ataikosa na hiyo.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo manne.

La kwanza, kila mwalimu wa chekechea na kila mama anayelea watoto wa wengine aulize kitabu siku ya kwanza, na aandike katika daftari chanjo zilizopo na zilizokosekana. Chama kitoe daftari hizo.

La pili, asiye na kitabu apokewe siku hiyo hiyo, na jina lake lipelekwe kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kama kitabu kimepotea, kitafutwe katika daftari la zahanati. Na kama hakuna alama yoyote, achanjwe upya kama muuguzi atakavyoagiza, maana sindano ya surua ikirudiwa haimdhuru mtoto.

La tatu, chama kipatane na zahanati juu ya siku moja ya kila mwezi, ili watoto waletwe wengi pamoja, na muuguzi afungue chupa bila kusitasita. Wazee wetu walilima na kujenga kwa mwethya, wakiitana nyumba kwa nyumba. Mwethya huo waweza kuwapeleka watoto 10 kliniki kwa gari moja.

La nne, sehemu ya fedha za msaada iwekwe kwa nauli ya mama asiyejiweza, nayo iandikwe wazi katika hesabu za chama.

Bwana Mwenyekiti, daftari la shule na kitabu cha kliniki ni karatasi tu. Mtu aweza kuzitumia kumzuia mtoto mlangoni, na mtu mwingine aweza kuzitumia kumjua mtoto aliyesahauliwa. Twawaomba wanachama wachague hilo la pili, na tuingie katika mwaka mpya tukiwa na orodha ya watoto wa kutafuta, wala tusiwe na orodha ya watoto waliofukuzwa.